Theluji ya Unga wa Muhogo

Walisema taa za kaskazini sitazipiga picha maisha yangu yote. Kinara wao alikuwa Papa Trésor, mwenye duka la simu chini ya studio yangu. "Wewe? Taa ya robot tu, hii ya barabarani, inakushinda, unavuka nyekundu! Sasa unatafuta taa za mbinguni?"

Nikaenda. Nikaosha sufuria za hoteli kaskazini kabisa mwa Norwei, nikajisomesha mwenyewe, nikapata diploma ya upigaji picha (iko ukutani, ukiingia studio utaiona kabla hujaniona mimi). Na taa nilizipiga! Nimezama kwenye theluji hadi magotini, mbingu yote inacheza kijani juu ya kichwa changu. Nitajieni mwingine Durban hii.

Sasa sikieni yaliyonipata leo.

Mama Gloire, yule mwenye saluni, anamwoza binti yake. Akaja kwangu wiki iliyopita. "Picha za ufukweni kila mutu iko nazo. Mimi nataka Gloire na mchumba wake wasimame kwenye theluji yako, chini ya zile taa. Zikitoka vizuri, harusi ni yako." Mnamjua Mama Gloire. Akikusifu kwenye saluni yake, utapiga harusi za Wakongomani wote wa Durban. Akikuponda, uza kamera.

Nikajipanga kitaalamu. Nikachukua picha yangu mwenyewe ya taa, nikaipeleka kwenye viwanda vya Mobeni ikachapwa kwenye kitambaa cha ukuta mzima. Theluji je? Wengine hutumia pamba. Pamba ni ya mti wa Krismasi! Mimi nilitaka theluji inayopeperuka. Nikanunua unga wa muhogo, magunia mawili, na feni kubwa. Tena, kwenye baridi mtu akihema pumzi yake huonekana, kwa hiyo nikaweka birika la umeme lichemke pembeni litoe mvuke. (Mambo madogo kama haya ndiyo yanayomtofautisha mwenye diploma.)

Zikabaki nguo. Koti la bibi harusi aliniazima Dada Wanjiku, mhadhiri anayekaa mtaa wa Morningside. "Kaka, tafadhali. Hilo koti limenivusha Kanada salama." La bwana harusi aliniazima, hamtaamini, Papa Trésor. "Nililinunua Joburg. Linarudi leo leo, na linarudi vile lilivyotoka!"

Asubuhi tukaanza. Madirisha yamefungwa ili unga usitoroke. Joto la Durban mnalijua. Liongezeeni birika linalochemka. Gloire na mchumba wake Dieumerci wamevaa makoti mazito, jasho linawatiririka hadi kidevuni. Mama Gloire amekaa kwenye kiti, nywele zimetengenezwa upya kabisa, ameshika simu. Alikuwa amempigia bibi yake Gloire kule Bukavu kwa video, ili ashuhudie. Papa Trésor naye akapanda juu "kulinda koti".

"Washa!" nikasema, nikawasha feni mwenyewe.

Mungu wangu, ilipendeza! Kwa muda mfupi sana.

Unga ukapaa. Ukakutana na mvuke. Ukatua juu ya jasho. Gloire akafumba macho kwa tabasamu, halafu akashindwa kuyafumbua.

"Kope zangu! Zimegandana!"

"Vumilia, dada, ndiyo theluji yenyewe!"

"Theluji gani hii inanata kama gundi?" akauliza Dieumerci. Masharubu yake yalikuwa na mabonge.

Kwenye simu, Bibi akaanza kusogeza uso. "Mama Gloire, muko munapika nini?"

"Hatupiki, Mama. Ni picha."

"Hapana, naona. Muambie uyo mpishi aongeze maji. Bugali yake iko na mabonge."

Papa Trésor akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi, mpishi! Nikaona nimalize kazi kabla heshima haijaisha. Nikarudi nyuma nipate picha pana, kidole kikiendelea kubonyeza. Hatua moja, ya pili, mguu ukanasa kwenye waya.

Birika likaanguka ndani ya gunia la pili (ashukuriwe Mungu, si juu ya mtu). Feni ikalala upande, ikamgeukia Mama Gloire na kumpulizia unga wote uliobaki sakafuni. Na mimi nikaketi. Ndani ya gunia. Ndani ya unga wa moto uliotoka kuvurugwa na maji ya birika.

Mama Gloire mweupe kuanzia nywele hadi kifuani. Nikajiinua polepole, na kile nilichokalia kikainuka pamoja nami.

Bibi akatoa hukumu kutoka Bukavu: "Aa. Sasa imeiva."

Baada ya hapo sikumbuki nani alicheka kwanza. Nilikimbilia uani na makoti mawili, nikayatumbukiza kwenye maji ya moto sana, nikayasugua. Mama Gloire akanifuata, taulo kichwani.

"Ulaya ulikuwa unaosha sufuria?"

"Ndiyo, Mama."

"Za bugali?"

"Hapana, Mama. Kule wanakula viazi."

"Inaonekana. Bugali inaloweshwa na maji ya baridi, mutoto wangu. Ya moto unaipika tena."

Kweli. Jua lilipoyakausha, makoti yakawa mbao. La Dada Wanjiku nililisimamisha mlangoni pake nikabonyeza kengele. Akafungua, akalitazama, akanitazama, akasema, "Karibuni." (Alidhani tuko wawili.)

Papa Trésor hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma. Amelisimamisha lake mbele ya duka, amelitundikia kava za simu mikononi.

Jioni Mama Gloire akaziona picha. Zote mbovu, isipokuwa zile zilizopigwa na kidole changu nikiwa angani. Gloire na Dieumerci wameegemeana chini ya taa zangu za kijani, weupe kama mizimu, wanacheka hadi meno ya mwisho. Akazitazama moja moja.

"Harusi utapiga," akasema. "Lakini wapishi tumeshapata, usijisumbue."

Basi, walioniazima wote leo nimewarudishia. Koti la Papa Trésor limerudi na kilo nzima ya unga kwenye bitana, na wala hakuniomba nyongeza. Mkipita dukani kwake, lisalimieni. Ila msicheke, mwenye diploma anawaona kutoka dirisha la juu.