Sauti Yangu Irudishwe

Ndugu Fundi wa Programu,

Salamu kutoka kwangu mimi, dalali wa mnada, mjomba wa yule binti wa miaka tisa uliyemwekea kitufe karibu na shavu. Mikono yake haimtii, ila maneno yanawaka moja moja kwenye skrini. Likifika alitakalo anabonyeza kwa shavu, kompyuta inalitamka. Hapo sina neno. Kosa ni kwamba ulitafuta mtu wa nyumbani arekodi maneno hayo, nami kwa kiherehere changu nikajitolea. Sasa nalalamika:

1. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nikimsemea. Nilijua anapenda uji usio na sukari na hadithi zangu za mnadani. Siku ya kwanza ya kitufe, katikati ya hadithi, nikasikia: "Basi." Sauti yangu mwenyewe. Nikanyamaza, maana sauti hiyo nimezoea kuitii.

2. Mke wangu aliuliza kutoka jikoni kama nitaosha vyombo. Nikasikia nimekubali. Hii ni wiki ya tatu naosha. Nikikana, ananiuliza ile sauti ilikuwa ya nani.

3. Mteja alikuja kuulizia kabati, nami nipo bafuni. Akajibiwa "Ndiyo," kisha "Chukua." Kabati halikuwa la kuuza, tena nguo zangu zote zilikuwa ndani. Nakuandikia nikiwa nimejifunga shuka.

4. Nilimtaka aniombe radhi. Maneno yakawaka yote hadi la mwisho, asibonyeze hata moja. Kumbe "samahani" halimo. Nakumbuka siku ya kurekodi nilikwambia uliruke, dalali hana kazi nalo.

Kwa hiyo naomba uifute sauti yangu, uweke ya mtu mpole. Ikishindikana, nami nifungiwe kitufe tubishane sawa kwa sawa.

Nisalimie wote hapo ofisini, hata yule aliyekuwa akicheka wakati narekodi.

Wako niliyeporwa,
Mjomba Dalali

N.B. Nimemsomea barua hii kabla ya kuituma. Aliyaacha maneno yazunguke mara mbili, kisha akabonyeza: "Hapana." Nikamuuliza, hapana nini? Akangoja tena. "Sauti. Yangu."

Basi ni yake, ndugu yangu. Barua ichane. Jumatatu asubuhi nakuja kurekodi "samahani". Nina la kumwambia, nami sijawahi kulitamka, kwa hiyo nitahitaji mazoezi.