Tahadhari Ambazo Karatasi ya Pampu Haikuzitaja

Jumanne, tarehe 14 Mei. Asubuhi ya mawingu, na manyunyu yasiyotosha hata kulowesha kamba ya nguo.

Kwa Mtunzi wa Karatasi ya Tahadhari,
Kiwanda cha Pampu za Dawa ya Mapafu.

Ndugu Mtunzi,

Pokea salamu za heshima kutoka nyumba isiyo na utulivu tena. Mimi ni mkamwana wa mgonjwa anayetumia pampu yenu. Mama mkwe wangu alipika shuleni kwa kuni tangu usichana hadi kustaafu, na moshi ule ukamwachia mapafu yasiyopona. Mwaka jana wote alikuwa akisema maneno matatu, anapumzika, analisahau la nne. Daktari alipompa pampu ya kuvuta asubuhi na jioni, mimi ndiye niliyeisoma karatasi iliyokunjwa ndani ya kisanduku, pande zote mbili, nikiipigia mistari. Umeandika vizuri. Lakini umemwonya mgonjwa peke yake. Sisi tunaoishi naye hukutuandikia hata sentensi moja. Kwa hiyo naleta malalamiko yafuatayo.

1. Karatasi inasema dawa humrudishia mtu pumzi. Haisemi pumzi hiyo itatumika wapi. Mama aliitumia kufika jikoni. Alifunua kila sufuria, kisha akaniuliza ni nani aliyenifundisha kukata vitunguu, ili akampe pole mtu huyo. Yote hayo bila kupumzika. Mume wangu alifurahi hadi machozi yakamtoka. Ya kwangu yalikuwa ya vitunguu.

2. Umeagiza mgonjwa asukutue mdomo kila baada ya kuvuta, kisha ateme, asije akaota utando mweupe ulimini. Kusukutua mama anakubali. Kutema mbele ya mkwe anasema ni utovu wa adabu. Basi husimama na mashavu yamejaa maji, akanionyesha mlango kwa kidole, nami hutoka jikoni kwangu mwenyewe huku uji ukifurika motoni. Tafadhali ongeza kwenye maelekezo: uji uipuliwe kwanza.

3. Umeandika kwamba pampu hii si ya kubanwa kifua ghafla. Kwa hilo ipo ile nyingine ndogo, ya kuokoa. Mama amelipokea jambo hili kama tusi. Anasema dawa isiyokuja inapoitwa haina tofauti na shemeji anayetokea chakula kikishapakuliwa. Tangu hapo anaiita Shemeji. Juzi alimweleza mgeni wetu kwamba humvuta Shemeji asubuhi na jioni, na mgeni hakumaliza chai yake.

4. Umekataza kuzidisha dozi. Ni wazi humjui mama mkwe wangu. Yeye dawa huiwekea akiba. Siku za amani huiruka, na siku za ugomvi huvuta kwa niaba ya zote alizoruka. Seremala wa mtaa wa pili alituchelewesha mlango wa kabati. Mama alivuta mfululizo, akajifunga kanga, akaenda kwa miguu. Mikono ilimtetemeka na moyo ukamwenda mbio, kama ulivyotabiri upande wa pili wa karatasi, lakini yeye aliona ni hasira ya haki, na seremala naye akaona hivyo hivyo. Mlango ulikuja siku ile ile, na bawaba za ziada. Nilimweleza taratibu kwamba dawa hii husaidia ikivutwa kila siku, na kwamba kuizidisha kunaweza kumdhuru moyo. Akajibu kwamba mtu mwenye akili habebi mwavuli jua likiwaka.

5. Sauti kukauka. Umeitaja miongoni mwa madhara yanayoweza kutokea. Tulisubiri. Haijatokea.

Kutokana na hayo, naomba kwa unyenyekevu mtengeneze pampu dhaifu kidogo, ya kumtosha mtu kutembea hadi dirishani na kushukuru. Ikishindikana, chapisheni karatasi ya pili kwa ajili ya familia, iseme: dawa hii ihifadhiwe mbali na joto, watoto, na sufuria za mkamwana.

Nisalimie wenzako wote kiwandani, anayekunja karatasi hizo kwa ustadi ambao sijaweza kuurudia, na mama mkwe wako kama unaye.

Wako katika uvumilivu,
Mkamwana.

Nyongeza, Jumatano. Barua ilikuwa bado haijatiwa stempu. Tangu tupate mlango wa kabati mama alikuwa hana wa kugombana naye, kwa hiyo alikuwa havuti. Asubuhi nilishtushwa na ukimya. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka, akinitazama bila neno. Yeye, bila neno. Nilimpa ile pampu ndogo, mume wangu akaita teksi, na zahanati wakamwekea barakoa ya hewa. Nilikaa nikiyatazama mabega yale, nikiahidi mambo mengi. Hatimaye aliisogeza barakoa, akaonja chai niliyomchukulia kwenye chupa, akasema:

"Mwanangu, hii ni chai, au ni maji yaliyosikia habari za majani?"

Hakupumzika katikati. Kwa hiyo, Ndugu Mtunzi, futa namba moja hadi tano. Pampu msiipunguze nguvu hata chembe. Ila pale ulipoandika ivutwe kila siku, kuza herufi, kwani kuanzia leo atavuta hata siku asizokuwa na adui.

Tumerudi nyumbani. Ameshalala, anakoroma. Nami nalala sasa, saa tisa mchana.