Ng'ombe Aliyesikika Kwenye Redio ya Jumwa

Ndugu Mhariri wa Habari,

Mimi ni mzima hapa Garsen. Jumamosi utaamua swali moja: siku ya ripoti yangu ya Jumatatu, nilikuwa Ozi au sikuwa? Kabla hujaniachisha kazi, naomba upokee malalamiko yangu dhidi ya solda, kile chuma cha kulehemia, ya Jumwa Iha.

1. Jumwa ni mshonaji wa nguo hapa sokoni. Alinunua redio ya bei ya chini, inayovuma kama nyuki ndani ya mkebe, kama redio zetu zote. Badala ya kuvumilia, aliifungua kwa kisu cha jikoni, akang'oa kapasita nne zilizovimba, vile vikopo vidogo vya umeme, akalehemu mpya, kisha akaweka spika aliyoitoa kwenye televisheni mbovu. Nimeikagua kazi yake. Ni safi. Hilo ndilo tatizo.

2. Jumatatu nilisoma ripoti ya maji kupanda Ozi. Takwimu zote zilikuwa sahihi. Maurine, mkazi wa huko, alinisomea kwa simu. Kwenye redio za kawaida, nyuma ya sauti yangu ulisikika Mto Tana. Kwenye redio ya Jumwa lilisikika jagi likimimina maji kwenye karai. Tangu hapo sinywi chai hotelini kwa amani. Jumwa aliniuliza mbele ya watu: "Kaka Mwaro, siku hizi Tana inapita jikoni kwako?"

3. Wakati wa ripoti hiyo mzee Wario, mfugaji, alikuwa kwa Jumwa akingoja suruali yake. Ghafla akasimama: "Dalacha huyo! Ng'ombe yangu huyo analia!" Dalacha alikuwa amepotea siku sita. Mimi sikusikia ng'ombe yeyote. Lakini Wario anaamini habari zetu. Alisikia nikisema niko Ozi, akaenda Ozi. Siku mbili matopeni. Amerudi bila ng'ombe, ila na habari kwamba huko hakuna aliyeniona. Hayo ndiyo madhara ya kapasita nne.

4. Wiki hii watu kumi na mmoja wamempelekea Jumwa redio zao. Zikitengenezwa zote, Garsen nzima itasikia vizuri. Mhubiri akipiga miayo, itasikika. Mheshimiwa akinong'onezwa jibu, litasikika. Nasi waandishi tutalazimika kufika kwenye matukio. Njia ya Ozi wakati wa mvua unaijua.

Kwa hiyo naomba: solda isajiliwe polisi kama silaha; kila redio irudishiwe mvumo wake; na utangaze kwamba ng'ombe yule ni hitilafu ya mitambo.

Nisalimie Winfred wa studio, Asli wa matangazo ya vifo, na yule bawabu anayenidai salamu tangu Ramadhani.

Wako mtiifu, asiyepungukiwa na ukweli,
Mwaro Mramba
Mwandishi, Garsen

Tanbihi: Nimesikia Wario anajiandaa kwenda Chara kesho kumtafuta Dalacha. Tafadhali tangaza kwenye taarifa ya jioni kwamba asiende. Dalacha yuko nyuma ya jiko langu tangu Jumapili. Aliingia mwenyewe, na anakula vizuri kuliko mimi. Najua nikimkiri ng'ombe, nimekiri sikuwa Ozi. Lakini mzee yule ana miguu miwili tu. Aje na Jumwa, na Jumwa aje na solda: Dalacha ametafuna waya wa maikrofoni yangu.