Maruba Wangu na Goti la Mbithi

Jumatatu, 12 Mei 2025
Leo nimeponya magoti ya watu wa Kalama nzima! Sawa, si Kalama nzima. Ni goti moja, langu, na bado linauma. Binti yangu alinionyesha kwenye simu madaktari wa ng'ambo wakimbandika mgonjwa maruba gotini wamnyonye damu. Nikacheka. Si hao hao wamejaa silanga letu, bwawa tunakonywesha ng'ombe? Nimevua watatu. Wanakaa kwenye mkebe wa majani chai.

Jumanne, 13 Mei
Mgonjwa wa kwanza: Mbithi, rafiki yangu tangu tulipofukuzwa darasa la nne pamoja. Goti la kulia limemzuia kwenda kanisani. Mungu amevumilia. Aliuliza kama huyo mdudu amepiga mswaki. Nikamwambia jana alinionja mimi kidogo, na mimi ni mtu msafi. Ruba akang'ang'ana, haachi! Nikamnyunyizia ugoro. Akatapika yote pale pale kidondani, akaanguka. Mbithi akasikitikia ugoro tu.

Alhamisi, 15 Mei
Mguu wa Mbithi umevimba kama papai. Unawaka moto, unatoa usaha. Mbithi ana homa, ananiita kwa jina la marehemu kaka yake. Tumemkimbiza hospitali. Mkewe, Ndanu, ameniambia mguu ukikatwa nitawalimia shamba hadi nizikwe humo.

Ijumaa, 16 Mei
Nesi Kamanthe aliniuliza nilimfanyia nini. Nikasema ni maombi tu. Akauliza tena. Nikasema yote. Akanieleza polepole: tumboni mwa ruba mna bakteria wanaomsaidia kusaga damu. Ugoro ulimfanya awatapikie ndani ya mguu. Wale madaktari wa simu hutumia maruba wa kufugwa, humpa mgonjwa dawa ya kuzuia maambukizi, na ruba wa mtu mmoja hapewi mwingine. Hata hivyo, hatari haiishi.

Nimekaa kando ya kitanda. Ajabu. Kwa ruba bakteria hao ni wapangaji wema, kwa Mbithi ni majambazi. Mlango nimefungua mimi. Nimehesabu vidole vya mguu wake chini ya shuka. Vitano. Nikahesabu tena.

Jumatano, 21 Mei
Mguu umebaki! Dawa zimeshika. Kamanthe ameniapisha nimwage maruba. Nimeapa. Nimemwaga mmoja, yule mwenye hatia. Hawa wawili hawana kosa. Nimewabadilishia maji mara tatu, na ugoro nimeuficha. Mbithi nilimnyoa ndevu wodini siku tano, shukrani sijaona. Sidai kikubwa. Anikopeshe tu goti la kushoto, dakika ishirini.