Chembe za Kumponya Mjomba Kondo

Jumatatu, 3 Juni 1996
Likizo! Rafiki yangu Evance kaniazima jarida la Kiingereza la baba yake, akasema labda nitaangalia picha. Nimelisoma lote. Huko Ulaya wanafunga dawa ndani ya chembe ndogo kuliko vumbi, wanaziweka kwenye neva iliyokatika, zinaachia dawa kidogo kidogo, neva inaota.

Mjomba Kondo ana neva iliyokatika! Fundi cherehani hodari. Mitumba ikamnyang'anya wateja, akaenda kuwafungulia marobota hao hao wauza mitumba, utepe wa chuma ukamkata kifundo cha mkono. Hospitali waliiunga neva, wakasema inaota polepole kama kucha, asubiri. Anasubiri tangu kabla ya Ramadhani. Sindano ikimchoma kidole gumba, mpaka aone damu ndiyo anajua.

Jumapili Castory wa Dumila anakuja kununua cherehani. Mjomba anaifuta kila asubuhi kama anayemwandaa bibi harusi. Mimi ndiye mpwa wake. Nisipomwokoa mimi, nani?

Jumanne, 4 Juni
Duka jipya la dawa, Mafiga. Njia nzima nilikariri: vitamini za neva, vitamini za neva. Muuzaji ni Rahel, nilisoma naye darasa la saba. Akaniuliza nataka nini. Ulimi wangu ukafa ganzi kuliko vidole vya Mjomba. Nikaonyesha rafu kwa kidole. Akanifungia.

Nyumbani nimefungua: dawa ya minyoo.

Siwezi kurudi. Nikirudi atajua nilibabaika. Nisiporudi atadhani nina minyoo. Nimechagua minyoo. Na kisayansi, dawa ni dawa. Jambo kubwa ni chembe.

Alhamisi, 6 Juni
Nimetwanga vidonge, nikachanganya na sukari, asali ya mlimani na unga wa muhogo. Jarida linasema chembe elfu hazijazi ncha ya unywele. Zangu nne zinajaza kijiko. Ni mwanzo. Nikazianika kwenye ungo uani.

Akaja Mzee Yakobo, Mnyamwezi, mtani wetu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akamuuliza Mjomba kama tunazika mkono peke yake au Mluguru mzima, maana jembe amekuja nalo. Mjomba akamjibu kwamba Mnyamwezi hajui kuchimba kaburi, anajua kubeba mzigo tu. Mjomba kacheka! Mara ya kwanza wiki hii.

Ndipo Mzee Yakobo akauona ungo. Akadhani visheti. Mtani akichukua kitu chako hakuna kesi, ndiyo mila. Nilitaka kusema ile ni dawa. Nikasema karibu. Alikula karibu zote, akalalamika kwamba Waluguru ni wachoyo wa sukari.

Ijumaa, 7 Juni
Mzee Yakobo yu hai. Karudi jioni, anasema tumbo lililomsumbua tangu Pasaka limetulia, anataka visheti vingine. Nimeandika: jaribio kwa binadamu limefaulu.

Nimekutana na Evance. Akauliza kama jarida nimelielewa. Nikamwambia hatua ya kuelewa nimeshaivuka. Akauliza natumia dawa gani kuotesha neva. Nikakumbuka naitwa nyumbani.

Jumamosi, 8 Juni
Chembe zilizobaki nimeziponda na asali, nikamfunga Mjomba kifundoni kwa kipande cha kanga. Hakubisha. "Wote wananipa pole, mpwa wangu," alisema. "Wewe angalau umenipa asali."

Akalala mkekani chini ya mchungwa. Nilisahau kwamba mchungwa ule una majimoto, wale chungu wekundu wakali. Wao hawakusahau asali.

Mstari mrefu ulishuka shinani, ukaingia kwenye kanga, ukatokea kiganjani. Mjomba anakoroma. Mimi nimesimama na jivu la kuwafukuzia mkononi, naona haya kumwamsha mtu mzima. Mara akaruka.

"Swamadu, mpwa wangu! Kidole gumba! Kinauma!"

Nikaanza kuomba radhi. Akanifokea niache upuuzi, kinauma, alhamdulillahi, kinauma! Mama akaja mbio na ufagio. Mjomba akakataa kufagiwa hadi aumwe tena, apate uhakika. Akaumwa tena. Alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja.

Jumapili, 9 Juni
Castory kafika na pikapu. Kamkuta Mjomba anashona pindo, kidole gumba kimevimba kama ndizi. Mshono umepinda kama njia ya kupanda mlimani kutoka Bigwa.

"Cherehani haiuzwi," Mjomba akamwambia. "Kunywa chai, urudi Dumila."

Jumatatu, 10 Juni
Hospitali. Daktari kamchomachoma kwa pini. Gumba linasikia, cha shahada kinaanza. Akasema neva imeota yenyewe, polepole, kama walivyomwambia. Halafu akauliza ni mjinga gani aliyepaka sukari kwenye kovu. Mjomba akasema hamjui. Nampenda sana Mjomba.

Lakini daktari hakuwepo chini ya mchungwa. Mimi nilikuwepo! Kosa langu ni moja tu: chembe zilikuwa kubwa, halafu hazijui njia. Kinachotakiwa ni kitu kidogo, kinachobeba dawa, kinachokwenda chenyewe mpaka kidoleni.

Nimekamata majimoto, kopo zima. Kesho nawalisha vitamini. Nitarudi kwa Rahel, nimeshakariri. Wameniuma mikono yote miwili, lakini kidole cha kuonyeshea rafuni bado kinanyooka.