Alama Nyekundu kwenye Ukuta wa Afande

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi mbaya. Afande Okidi, mwenye nyumba wetu, amepita mlango hadi mlango na buti zake za upolisi, ingawa alistaafu zamani. Kodi inapanda. Chumba cha laki mbili sasa laki tatu, na miezi mitatu ilipwe mbele kabla ya Jumapili. Eti saruji imepanda bei. Saruji! Jengo hili lilijengwa kabla sijazaliwa, na tangu hapo halijaonja hata kijiko.

Na Moreen anafika Jumapili hiyo hiyo! Mke wangu na watoto wetu wawili, kutoka Bungoma, safari hii kuhamia kabisa. Miaka minne tumeishi kwa simu. Nikishindwa kulipa, nitawapokea barabarani.

Jirani yangu Aryemo, mama fundi cherehani, amekuja na daftari. Anakusanya sahihi za kupeleka halmashauri. Anasema sheria ipo, inakataza kodi kupandishwa kupita sehemu moja ya kumi kwa mwaka, basi waje waisimamie. Tena serikali ijenge nyumba ambazo mtu wa mshahara mdogo anaweza kuzilipia. Nimemjibu kwamba daftari halijawahi kumtisha mwenye nyumba. Mimi nitatumia akili. Ameniangalia kwa huruma, sijui ya nini.

Jumanne, 4 Machi

Nimeomba ruhusa dukani kwa Mama Esperance, ninakouza rangi na misumari, nikatafute chumba kingine. Mtaa wa Kisugu wanataka miezi sita mbele. Mengo nimepata chumba safi kabisa, ila kitanda kikiingia mimi natoka. Dalali amedai ada ya kunionyesha vyote viwili. Miguu imevimba.

Nimerudi mtaani kwetu Namuwongo kwa kufuata reli. Na hapo ndipo nilipoona! Vibanda vya kando ya reli vina X nyekundu ukutani. Maana yake vitabomolewa. Mama mmoja muuza mihogo amenieleza kwamba tangu alama ipigwe, mwenye kibanda chake anambembeleza abaki, hata kodi ameikata nusu.

Na nani anauza rangi nyekundu? Mimi! Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na leo zangu zimesimama.

Jumatano, 5 Machi

Nimefanya. Mchana kweupe. Afande alikwenda mjini kufuatilia pensheni, wapangaji wako kazini. Nimevaa koti la kung'aa la watu wa barabara, nikapiga X kubwa kwenye ukuta wa mbele. Ukivaa koti lile hakuna anayekuuliza kitu. Mpita njia mmoja tu alisimama, akasema imepinda. Nikainyoosha.

Jioni Afande amesimama mbele ya alama, mikono nyuma, muda mrefu. Nimemhurumia kidogo, halafu nikala vizuri.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Afande ametuita uani. Nilitegemea uso wa msiba. Mzee anang'aa. Ametangaza hivi: "Serikali iko nakuja kubomoa, halafu inajengea watu maghorofa. Kama jina yako haiko kwa kitabu yangu, hiyo ghorofa utaona na macho tu."

Nani kamwambia? Hakuna. Kajiambia mwenyewe, na mtaa mzima umemwamini. Kufikia saa nne kulikuwa na foleni getini, watu wenye magodoro, wanataka chumba kwenye nyumba yenye alama. Kodi sasa ni laki tano.

Binamu yake, Oyat, tayari ameshuka kutoka Gulu. Analala kwenye korido ili ahesabiwe.

Ijumaa, 7 Machi

Nimejaribu kuifuta. Tina ya kuyeyushia rangi, msasa, wembe. Haitoki! Ni rangi ambayo mimi mwenyewe huwaapia wateja kwamba haitoki. Oyat amenikuta nikisugua. Afande amenifokea kwamba naharibu mali ya serikali, akamweka Oyat kuilinda kwa zamu.

Nimempita Aryemo akikunja vitambaa vyake na kuvifunga kwa kamba. Laki tano hana. Hakulalamika, aliniuliza tu kama nina katoni tupu dukani. Nimeona aibu. Nilitaka kumwambia kila kitu, nikamwambia nitaangalia katoni.

Jumamosi, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake, na bado wamekuja! Maofisa wawili wa halmashauri, kwa ajili ya daftari la Aryemo. Wamepita nyumba hadi nyumba wakiandika kodi na kuwasomea wenye nyumba sheria. Jirani wa kushoto, kodi imerudi ilipokuwa. Jirani wa kulia, imerudi. Kwetu wakaona alama. Ofisa akafunga faili. Nyumba ya kubomolewa haiwahusu.

Nilikuwa kimya. Naapa ningebaki kimya hadi kiama. Lakini ofisa akagusa ukuta, akacheka, akasema aliyeipiga ni mvivu, rangi ya maji ya bei rahisi, imepakwa mara moja tu.

"Ni ya mafuta," nikasema. "Na nimeipiga mara mbili."

Wote wakanigeukia. Mdomo uliponza kichwa, na safari hii mdomo wangu.

Faili likafunguliwa. Kodi ya kila chumba: laki mbili na elfu ishirini, si zaidi. Foleni ikayeyuka na magodoro yake. Oyat analia, amepoteza ghorofa. Afande alitaka kunitupa nje papo hapo, ofisa akamzuia, sheria inataka notisi ya mwezi. Hata kwa mpumbavu, alisema. Nimemshukuru.

Jumapili, 9 Machi

Wamefika. Afande amewapokea getini kabla yangu, akamsimulia Moreen yote, na kumwonyesha ukuta. Moreen aliwalisha watoto, akawalaza, ndipo akasema:

"Baba Wanjala, daftari la yule mama lilikuwa na nafasi ya jina lako. Ulikosa kalamu?"

Ametoka, ameandika jina lake kwa Aryemo, amerudi. Watoto wamelala wakigusana mabega, chumba kimejaa pumzi zao. Nimewatazama nikaumia. Tumebakiwa na mwezi mmoja tu wa notisi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimelichunguza kosa langu kwa makini na nimeligundua. Ni rangi! Nyekundu huwapa watu tamaa. Karatasi ndiyo njia. Barua fupi, isemayo kwamba nyumba ya Afande ni ya kale, imehifadhiwa na serikali, na mpangaji wake hawezi kuhamishwa. Mchonga mihuri ameuliza aandike ofisi gani. Nimemwambia mviringo kwanza, ofisi itapatikana. Wino nimechagua bluu.