Msomi wa Maji ya Kabichi

Kristian aligundua kwamba kabichi inaweza kumlisha mtu bila kuilima siku alipokuwa akiosha vyombo katika hoteli moja ya watalii, juu kidogo ya mji wa Lushoto. Mpishi alimimina siki kwenye kachumbari ya kabichi nyekundu, na yale maji ya zambarau yaliyotuama chini ya bakuli yakageuka rangi ya waridi papo hapo. Mpishi hakushtuka, maana aliyaona hayo kila siku. Kristian alibaki na sahani mkononi. Alijaribu limao, yakageuka. Alijaribu asali ya mezani, yakageuka tena. Vitu vingine hakujaribu, kwa sababu alishaingiwa na haraka ya kutajirika, na kabla jua halijazama alikuwa ameacha kazi.

Kwenye mitumba alipata koti jeupe la maabara. Mfukoni lilidariziwa kichwa cha ng'ombe, nembo ya bucha fulani la Ulaya, akalifunika kwa kalamu. Kisha akajitangaza kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, kemia ya dawa, mwaka wa mwisho. Mwaka huo hakuuchagua ovyo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza husumbuliwa na maswali, na aliyehitimu huulizwa kazi anafanya wapi. Wa mwaka wa mwisho huvutiwa kiti na kumiminiwa chai.

Akaanza kuzunguka vijijini kupima asali. Alikuwa akiweka meza katikati ya uwanja, anatoa chupa yake ya maji ya kabichi iliyochemshwa na kuchujwa, anakohoa kisomi, kisha anaeleza kwamba asali safi huyaacha maji hayo yalivyo, ila iliyochakachuliwa kwa sukari huyageuza. Anatia kijiko. Maji yanageuka. Hapakuwa na asali chini ya mbingu ambayo isingeyageuza, lakini hilo nani alilijua? Mwenye asali aliyekuwa na hatia aliduwaa kwa kukamatwa, na asiye na hatia alianza kumtazama shemeji yake kwa jicho baya. Hapo Kristian alimsogelea mhusika sikioni na kusema kwa huruma, "Nikusaidie kuiondoa, na mimi nitakaa kimya."

Watu wakatoa ndoo zao wenyewe, tena kwa shukrani. Mzee Abubakari, ambaye kweli alikuwa ametia sukari kwenye ya kwake, aliongeza na jogoo. Asali yote ilikwenda kupangwa katika chumba cha kupanga cha Kristian nyuma ya soko, kumsubiri mnunuzi kutoka Tanga aliyeahidi kuja siku ya gulio.

Mpaka hapo tungeweza kumsamehe, hasa kwa jogoo wa Mzee Abubakari. Lakini alipanda mpaka Magamba, kwa Bibi Halima.

Bibi Halima alikuwa na mizinga pembeni mwa msitu tangu enzi za marehemu mumewe. Asali yake ilijulikana, na yeye alijulikana kwa asali yake. Maji yalipogeuka mbele ya majirani, hakubisha. Alimtolea kijana yule ndoo aliyokuwa ameihifadhi chini ya kitanda, akaingia ndani, na tangu siku hiyo hakushuka sokoni. Waliokuja kumwona aliwaambia miguu inauma. Iliyouma haikuwa miguu.

Ndivyo mjukuu wake Sabra alivyomkuta. Sabra alikuwa chuoni Dar es Salaam, naye alisoma kemia ya dawa, naye alikuwa mwaka wa mwisho, isipokuwa wake ulikuwa wa kweli. Utafiti wake wa kuhitimu ulikuwa kutengeneza marhamu ya vidonda kwa asali ya Magamba. Nusu ya vipimo alikwisha kuvifanya kwa asali ya ndoo ile ile, na msimamizi wake alimwonya kwamba nusu iliyobaki lazima itoke humo humo, la sivyo aanze upya na wenzake wavae majoho bila yeye. Alikuwa amerudi nyumbani kuifuata.

Bibi alimsimulia huku akitazama chini. Alipofika kwenye maji ya zambarau yaliyonuka kabichi ya kuchemsha, Sabra aliangua kicheko. Kisha akainama kuchungulia chini ya kitanda, akaona ndoo haipo, akaketi sakafuni na kulia.

Alifikiria polisi. Ila polisi wangeichukua ndoo kuwa kielelezo, na kielelezo kingekaa stoo mpaka mahafali yapite. Akanawa uso, akavaa koti lake lenye matobo ya asidi, akashuka mjini.

Kristian alifungua mlango, akaona koti, akataka kuufunga tena. Sabra akamtuliza mapema. Alisema amesikia kwamba Lushoto kuna mwenzake wa mwaka wa mwisho anayepima asali kwa njia ambayo hata wahadhiri hawaijui, akaona aje ajifunze. Mjanja husifiwa mara chache na wasomi. Kristian akampa kiti, akamwonyesha mambo yake yote mwanzo hadi mwisho, na Sabra akatikisa kichwa kwa mshangao pale panapostahili. Macho yake yalikwisha kuiona ndoo ya bibi, imewekwa pembeni, mfuniko umelegea, kijiko juu yake na mkate kando.

"Na wewe mwenyewe umeshajipima, kaka?" aliuliza Sabra. "Si unajua anayeshika asali ya namna hii lazima apimwe mikono, isije ikawa na sumu?"

Hapo ndipo mwaka wa mwisho ulipomtokea puani. Angekuwa amejitangaza wa mwaka wa kwanza, angeuliza. Akasema bila shaka, analijua hilo, ila kazi zilimzidi.

Sabra akamwambia anawe vizuri kwa sabuni kwanza, uchafu wa kawaida usije ukaharibu kipimo. Kristian alinawa kwenye beseni kwa sabuni ya mche mpaka viwiko. Sabra akamimina maji ya kabichi humo ndani. Yakawa kijani.

Kristian hakuwahi kuyaona yakigeuka kijani. Alitazama beseni, akatazama mikono yake, akatazama beseni tena.

"Uliishika tu," Sabra aliuliza taratibu, "au umeionja?"

"Kidogo," alisema Kristian. "Kila asubuhi. Na mkate."

Sabra aliufunga mfuniko wa ndoo ile kwa ncha za vidole. Kisha akamsogelea sikioni.

"Nikusaidie kuiondoa," alisema, "na mimi nitakaa kimya."

Maneno yake mwenyewe yalimrudia, na hakuyatambua. Alisaidia kupakia ndoo kwenye bodaboda mojamoja, akizishika kwa gazeti. Ile aliyoila ilibidi aibebe mwenyewe kichwani mpaka Magamba, kwa kuwa, kama Sabra alivyomfafanulia kitaalamu, jasho la mlimani husafisha figo. Alipanda akitweta, na kila alipotoka jasho zaidi alishukuru.

Uwanjani kwa Bibi Halima majirani walikuwa wameshaketi, kwa kuwa Sabra alikuwa amewaita mapema. Kristian akatua ndoo. Akamwamkia mwenyeji shikamoo, akaitikiwa marahaba na kuambiwa asogee kula. Bibi alinawa mikono kwa sabuni, kama afanyavyo kila mlo, na Sabra akachukua chupa ya Kristian, akatia maji yake kwenye beseni la bibi. Kijani.

"Jamani, na bibi pia!" alipayuka Kristian.

Bibi Halima alifunua ndoo, akachovya kiazi ndani ya asali, akakila taratibu huku akimtazama. Kristian alitazama kiazi. Akatazama beseni. Kisha jicho lake likatua kwenye kipande cha sabuni, likakaa hapo.

"Sabuni," alisema.

"Hilo hufundishwa mwaka wa kwanza, kaka," alisema Sabra. "Nikadhani wewe wa mwaka wa mwisho unalijua."

Majirani walicheka mpaka kuku wakakimbia. Bibi hakucheka bado. Alimwambia asimame aseme tena, kwa sauti ile ile aliyoitumia siku ile. Kristian akavua koti, akasimama mbele ya watu, akasema asali ya Bibi Halima ni safi na haijawahi kuguswa na sukari. Bibi akafumba macho kusikiliza, na furaha iliyompata ilionekana mpaka kwenye mabega. Kesho yake miguu ilipona, akashuka sokoni.

Ndoo nyingine zilirudishwa kwa wenyewe. Mzee Abubakari ndiye pekee aliyeapa kwamba hajawahi kumiliki asali, wala hamjui jogoo yeyote. Sabra alisafiri na ndoo yake mapajani mpaka Dar es Salaam, akakataa kuipakia kwenye buti ya basi.

Naye Kristian, jioni ile ile, alikula kiazi alichopewa, akashukuru, akateremka mlima kurudi mjini. Mikononi hakuwa na chochote, ila mikono yenyewe haikuwahi kuwa safi vile.